Kamera, kilo 15 na kandege ka kwenda Ndutu

Jumatatu, Dar

Bosi kasaini likizo, tiketi zipo kwenye simu, Alhamisi asubuhi mimi na mdogo wangu tunatakiwa tuwe tumeshatua Ndutu, kule Serengeti inapokutana na Ngorongoro, ambako mwezi huu wa pili nyumbu wanakuwa wanazaa. Kwa gari kutokea Arusha ingewezekana na ingekuwa rahisi kimfuko, ila mgongo wa dogo una historia yake na mimi nilishajiapiza lazima niione kreta ya Ngorongoro kutokea juu, tukajichanga tukalipia ndege.

Sasa ndege zenyewe ni mbili na hapo ndo shughuli inapoanzia. Dar mpaka Arusha ni ile ya mapangaboi ya kawaida, abiria sabini hivi, kilo 23 zinaenda chini na 7 unabeba mkononi, hapo hamna neno. Arusha mpaka Ndutu ndo kale kandege kadogo, Cessna Caravan, injini moja, watu kumi na mbili mmeenea, na masharti yanabadilika kabisa: kilo 15 kwa kichwa na humo ndani kimo KILA KITU, nguo, viatu, kamera, mpaka kipochi. Na begi liwe laini, lisiwe na tairi wala fremu ngumu, maana mizigo wanaisukumia kwenye lile tumbo lililo chini ya ndege na vimlango vyake ni vidogo.

Watu wengi wakisikia kilo 15 wanajua ni begi la nguo, mkoba wa kamera wanaona hauhesabiki kwasababu uko begani. Unahesabika bana. Rubani wa kandege vile anapiga hesabu ya uzito kwelikweli, na usishangae ukipimwa hata wewe mwenyewe na viatu vyako, wala sio dharau, kiwanja cha Ndutu ni cha udongo, kiko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ya kule ni nyepesi na jua likishachoma ndege inataka kukimbia mbali zaidi ndo inyanyuke.

Basi usiku huu nimemwaga kila kitu kitandani. Bodi mbili za Canon (yaani kamera zenyewe bila lenzi), lenzi ya 150-600 ya Sigma (hizo namba ni milimita, zikiwa kubwa lenzi inavuta mbali) ambayo peke yake inakaribia kilo 2, halafu lenzi nyingine: 70-200, 18-135, 10-18, ile 50 ndogo, tripodi, flashi, laptop na chaja yake iliyo nzito kama tofali, chaja za betri za aina mbili maana bodi zile hazishei betri. Nikaviangalia nikaona hapa hata nikienda bila nguo kabisa bado nimezidi.

Utaratibu wangu ni huu, kila kinachotaka kuingia begini nakiuliza unaenda kupiga picha gani, na jibu liwe picha moja ninayoiona kichwani, sio "huwezi jua". Tripodi? Gari za safari mnasimama juu ya viti mmetoa vichwa kwenye paa, miguu mitatu ya tripodi utaisimika wapi, mapajani kwa watu? Toka. Flashi? Simba hapigwi flashi, toka. 70-200 kazi yake karibu yote inafanywa na 18-135 na 150-600, toka. 10-18 ilinitesa kidogo kwasababu naipenda, lakini picha za mbuga yote na mawingu yake simu inazipiga vizuri tu na simu ipo mfukoni kwa vyovyote, toka. Laptop nikaibadilisha na kadi za SD za ziada na kile kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu. Bodi ya pili nikaibeba nikaiweka, nikaibeba nikaiweka, mwisho ikabaki nyumbani kwa sababu ya ile chaja yake na betri zake, ukichukua kimoja unachukua familia nzima.

Dogo akatoka chumbani kwake na droni.

"Dada, gramu 249 tu hii."

"Irudishe ilipokuwa."

"Yaani ukiona nyumbu kutokea juu..."

Tatizo sio gramu. Kurusha droni Tanzania kuna vibali vyake, mamlaka ya anga ipo na wizara ya ulinzi ipo, na ndani ya hifadhi hauirushi kienyejienyeji, ukidakwa nayo umewaharibia safari wote mlio kwenye gari na dereva anapata msala ambao hata haumhusu. Akanuna, akairudisha. Kesho atasahau.

Jumanne, bado Dar

Leo asubuhi kupima. Mzani wa bafuni kwetu unasema unavyojisikia, kwahiyo nikabeba mabegi mpaka dukani kwa Mangi, ana ule mzani wa dijitali wa kupimia mchele na sukari. Kulikuwa na foleni ya maandazi lakini Mangi akaona hii ni sinema, akapangusa unga kwa kiganja, akaweka mkoba wa kamera juu: 5.8. Begi la nguo: 9.6. Jumla 15.4. Yaani gramu 400 ndo zimenitoa nje. Mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya kula ya kupima akasema toa hivyo viatu vya kutokea unaenda porini kumuonyesha nani, na kweli nikavitoa pale pale nikamuachia Mangi nyuma ya kaunta, tukarudia, 14.7. Duka zima likashangilia.

Dogo ana 11 tu. Ana tisheti, kaptula, jaketi na darubini, basi. Akiba yake ya kilo 4 nimeshaiwekea macho.

Ngoja niseme la betri maana naona watu wanavyozipakia hovyo. Betri za lithiamu za akiba, na powerbank ndo kabisa, hazikai kwenye mzigo unaoenda chini, zinakaa na wewe mkononi. Sababu ni kwamba ikitokea moja imepata shoti ikaanza kufuka, ndani wahudumu wanaiona na kuishughulikia, kule chini nani ataiona? Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado iko chini uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, watu wote wakatolewa salama, na uchunguzi ukaielekezea kidole powerbank iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Tangu hapo mashirika mengi yamekaza, Emirates kuanzia Oktoba 2025 hawataki uitumie powerbank ndani ya ndege kabisa, unabeba moja na inakaa imezimwa.

Hesabu yake ni rahisi. Unachukua mAh unagawa kwa 1,000 unazidisha kwa volti, unapata saa-wati, ile Wh. Betri ya kamera yangu, LP-E6N, ni 1,865 mAh kwa volti 7.2, haifiki hata 14 vizuri, na mpaka 100 unapita bila kuulizwa. Powerbank ya 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, hiyo unatakiwa uombe ruhusa kwa shirika kabla, na kama maandishi yake yamefutika afande wa pale mlangoni haanzi kukupigia hesabu, anaibakisha. Yangu maandishi yalishaanza kuchoka nikayafunika na selotepu ya kuonekana yasiendelee kufutika. Betri za akiba nimezibandika tepu ya karatasi kwenye zile ncha za shaba, moja moja, kila moja kwenye soksi yake ya mtoto. Soksi za mtoto za Karume, tatu kwa elfu, kipochi kizuri cha betri kuliko vile vya madukani.

Jumatano, Dar – Arusha

Uwanjani mapema. Nimevaa jaketi lenye mifuko mingi kuliko akili na joto la Dar mnalijua, jasho mpaka kisogoni, ila mifukoni mna betri, kadi, chaja, powerbank na ile 18-135, karibu kilo na nusu ambayo leo haina shida ila kesho nataka nijue inakaaje.

Kwenye mashine begi likaingia, likarudi nyuma, likaingia tena. Afande mwanamke akanigeukia.

"Dada, hili bomba ni nini?"

"Lenzi, afande."

"Lenzi ya nini yote hii?"

"Ya simba, ili nisimsogelee."

Akacheka akamwita mwenzake aje aone, nikaitoa nikaifungua kifuniko, wakachungulia kwa zamu, nikaambiwa nipite. Kidokezo tu, lenzi kubwa iweke juu kabisa begini, usiizike chini ya nguo, maana kutolewa itatolewa tu na hutaki mtu mwingine ndo awe anaichimbua. Na usiitoe kamera uanze kupiga picha ndege na jengo la uwanja, viwanja vya ndege na sehemu za jeshi hapa kwetu ni mahali pa kuacha kamera ndani.

Balaa likaja chini ya ngazi ya ndege. Hizi za mapangaboi makabati yake ya juu ni membamba, kwahiyo kuna jamaa anasimama pale anayashika mabegi yaliyonenepa anayaweka kwenye toroli yaende nyuma kwenye mizigo. Akanishika begi.

"Hili haliingii juu, dada."

"Kaka, humu kuna kamera na vioo."

"Nitaliweka juu ya mengine."

Nimeshawahi kuwaona wanavyoweka juu ya mengine. Ila sikubishana naye maana begi kweli lilikuwa limenenepa na jamaa yuko kazini. Ndani ya begi langu mna kile kisanduku laini chenye vigawanyo kinachochomoka chote, nikakichomoa na kamera zake ndani nikakipakata, begi lenyewe likabaki na jaketi la dogo na kanga zangu, nikamkabidhi. Akaniangalia, akaliangalia begi limesinyaa, akatabasamu, kila mtu akawa amepata chake. Kama unanunua begi la kamera angalia hicho kitu kabla hujaangalia rangi wala jina: kiini chake kinatoka? Kisipotoka siku ya siku ndo unaanza kuchomoa lenzi moja moja juani watu nyuma yako wanaguna.

Baba mdogo alitupokea Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha. Shikamoo, marahaba, mmekonda, ndo salamu yake hiyo miaka yote. Kwake Sakina kulikuwa na baridi ya kistaarabu na ndizi nyama. Kabla ya kulala akanikuta napanga upya.

"Mwanangu, si uache hiyo kubwa hapa, mkirudi uichukue?"

"Baba mdogo, hiyo kubwa ndo safari yenyewe."

Alhamisi, Arusha – Ndutu

Pale kaunta ya kandege, mzani mkubwa wa sakafuni. Begi langu la nguo, mkoba wa kamera, jumla 13.2, kwasababu kilo na nusu ilikuwa imevaliwa. Dogo yeye alikuja na jambo lake, usiku alishahamisha nguo zake kwenye begi la tairi aliloazima kwa mtoto wa baba mdogo, eti zuri zaidi. Dada wa kaunta hata hakulipima. "Hili haliendi, kaka." Hamna mjadala. Nguo zikahamia kwenye mfuko wa kitenge aliokuja nao baba mdogo kutubebea vitafunwa, begi la tairi likarudi Sakina, na vitafunwa tukavila pale pale.

Kuhusu kukaa. Mabawa ya Caravan yako juu, kwahiyo chini unaona vizuri, ila kuna mhimili wa bawa na gurudumu vinakatiza kwenye dirisha za mbele, mwenye kamera akae nyuma. Ukitoka Arusha kwenda Ndutu kulia ni upande wa Ol Doinyo Lengai, kushoto ni Ziwa Manyara. Nikachukua kulia nyuma, dogo kushoto na simu. Kadirisha ni plastiki yenye mikwaruzo, ukizuumu unaiona yote, kwahiyo ni 18-135 tu na isigusane na dirisha, ukiiegemeza mtetemo wa injini unaingia kwenye picha moja kwa moja. Nikaweka spidi ya kupiga 1/2000 ya sekunde, nikavaa kanga nyeusi begani kuzuia mwangaza wa ndani usirudi kwenye kioo.

Lengai ulitokea mbali kidogo, umesimama peke yake mkali, mita 2,962, juu kweupe kama umemwagiwa kitu, sio theluji, ni ile lava yake ya ajabu ya kaboneti ambayo inatoka nyeusi, ikishakutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Halafu kreta. Nilikuwa nimejipanga kupiga picha nyingi, nikapiga chache nikaiweka kamera mapajani nikawa naangalia tu, kilomita kama 19 toka ukingo huu hadi ule na mawingu yanamwagikia ndani kutoka upande mmoja. Dogo aliyekuwa kushoto akaruka kuja kwangu, rubani akageuka akamwangalia, dogo akarudi kiti chake.

Ndutu rubani alishuka chini akapita juu ya kiwanja bila kutua, akazunguka. Dogo akadhani kuna tatizo. Kumbe anafukuza punda milia walioko kwenye barabara ya ndege. Tukatua kwenye vumbi.

Kambini nikaenda jikoni kwanza. Nina mfuko wa kitambaa mtupu wenye zipu, huo ndo naegemezea lenzi kwenye dirisha la gari, toka nyumbani unasafiri mtupu na ukifika unajazwa. Nilishawapigia simu. Mpishi akanipa kilo tatu za mchele, akauliza mara mbili kama kweli siupiki.

Ijumaa

Saa kumi na mbili tuko njiani, baridi, dogo amejifunga blanketi la kambi. Jua lilichomoza saa moja kasoro na tulikuwa tumeshafika kwenye uwanda wa majani mafupi, na mpaka macho yanapoishia ni nyumbu. Ile kelele yao ya kuguna huizoei, inakuja kutoka kila upande.

Kwanini wanakuja kuzalia hapa, dereva wetu alilieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimesoma. Volkano za nyanda za Ngorongoro, na Lengai baada yao, zimemwaga majivu huku miaka na miaka, udongo una kalsiamu na fosforasi ambavyo jike anayenyonyesha anavihitaji, na chini kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndo maana ni uwanda mtupu, chui na simba hawana pa kujificha. Na majike wengi wanazaa ndani ya wiki chache hizi hizi, fisi na simba wanakula mpaka wanashiba, waliobaki wanapona.

Tulimkuta mmoja ameshalala chini, miguu miwili ya mtoto imeshatoka. Dereva akazima gari bila kuambiwa, na hilo ni jambo kubwa, maana kwa lenzi ya 600 kwenye bodi yenye kihisi kidogo (kile kinachonasa picha) unakuwa kama una 960, injini ikinguruma kila kitu kinatetemeka. Mfuko wa mchele kwenye dirisha, lenzi juu, mkono wa kushoto juu ya lenzi kuikandamiza. Mwanga bado kidogo, tundu la lenzi f/6.3, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200, spidi 1/800. Jike akasimama, akazunguka, akalala tena, na mtoto akadondoka na ngozi yake inang'aa imefunikwa utando, masikio yamelala nyuma. Mama akamlamba. Mtoto akainua makalio, akaanguka mdomo mbele. Akainua tena, miguu ya mbele ikaenda pembeni. Dogo ananong'ona "simama simama simama" kama yuko uwanjani kwa Mkapa. Dakika chache tu, hazikufika kumi, akasimama, miguu inatetemeka, na mara ya kwanza kabisa kutembea kwake alitembea kuja upande wa gari letu, mpaka mama akamziba. Dogo anafuta macho anasema ni vumbi.

Vumbi lenyewe sasa. Yale majivu yanayowanenepesha nyumbu ndo hayo hayo yanaingia kwenye kamera, na sio mchanga, ni unga, laini kuliko unga wa sembe, unatua juu ya kila kitu hata gari likiwa limesimama. Saa tatu hivi kundi likaanza kuja karibu kabisa na gari, 600 ikawa haina kazi, lazima nibadilishe lenzi. Nikafunga dirisha, nikajifunika kanga kichwa kizima mimi na kamera, nikazima kamera, nikaigeuza mdomo uangalie chini, nikachomoa moja nikachomeka nyingine ambayo nilishailegeza kifuniko. Kimya garini. Halafu dereva kwenye kioo:

"Dada, humo ndani kuna mtoto?"

Mpaka tunarudi kambini mchana hilo ndo likawa jina langu, mama mtoto.

Kufuta napo kuna mpangilio. Usiguse kioo na kitambaa kabla hujapuliza na ile pampu ya mkononi, maana majivu ni vioo vidogo vidogo, ukisugua umechora mwenyewe. Pampu, halafu brashi, halafu ndo kitambaa na ni kwa uchache. Usipulize na mdomo, mate. Kanga ile nyingine naitia maji kidogo asubuhi naifunika lenzi gari likiwa linakimbia, vumbi linanasa kwenye kanga. Na pete ya kuzuumu ya ile Sigma jioni nilipoizungusha ikanipigia kelele ndogo, kriii, kwenye 300 kwenda 400. Sikupenda.

Mchana saa sita mpaka saa tisa lala tu. Joto linatoka ardhini linacheza, chochote kilicho mbali ukikivuta na 600 kinatoka kama kimechorwa kwenye maji, unadhani fokasi imeharibika, kumbe ni hewa. Nimeona mtu kambini anataka kurudisha lenzi dukani kwa hilo.

Kuchaji ni kwenye banda la chakula, umeme wa sola, soketi chache na kambi nzima ina simu. Ekstensheni yangu ndogo ya matundu manne ilinipa marafiki wapya ndani ya nusu saa.

Jumamosi

Mvua. Kidogo asubuhi, nyingi mchana, gari likanasa kwenye tope jeusi karibu na bwawa na tukavutwa na gari jingine. Duma na watoto watatu juu ya kichuguu, dakika kama ishirini, mwanga wa kijivu mzuri usio na vivuli, picha nazipenda kuliko za jana kwa mbali. Vumbi hakuna. Jioni nikakopi kadi kwenda kwenye simu ya dogo na yangu pia, kadi zenyewe sifuti, zinakaa mfuko wa ndani wa jaketi mpaka nyumbani. Kamera ikiibiwa nalia siku moja, kadi zikipotea nalia mwaka.

Jumapili, Ndutu – Arusha

Mchele nilimrudishia mpishi, akauangalia kwenye mwanga, akasema ni mzima ila atawapa kuku wa nyumbani kwake, sitaki kuchunguza kama ni kweli.

Kurudi kandege hakaendi moja kwa moja, haka ni daladala tu, kalitua Seronera, katikati ya Serengeti, kupakia wengine, watu wanashuka, mizigo inatolewa inarudishwa. Hapo ndo pa kushuka na wewe ukasimame karibu na lile tumbo la ndege uone begi lako linarudi ndani. Begi la mzungu mmoja lilishashushwa limekaa kivulini chini ya mti peke yake, la rangi ile ile na la abiria wa pale, na lingebaki pale kama dogo asingepaza sauti. Mzungu akamshika dogo mkono kwa muda mrefu sana. Ndani kulikuwa na lenzi zake zote, za mamilioni, kazipakia kwenye mzigo wa chini ili mkoba wa mkononi uonekane mwepesi.

Mimi kwenye mzani nilikuwa 15 kamili, jaketi mwilini. Tope linaongeza uzito.

Jumatatu, Dar

Jana usiku tumelala Sakina, leo mchana tumetua Dar, na ndege ilikuwa na baridi kama friji kwahiyo begi la kamera sijalifungua. Mnaotoka sehemu ya baridi mkaingia kwenye unyevu wa pwani mnajua, ukitoa kamera hapo hapo kioo kinalia machozi nje na ndani, na ndani ndo kuvu wanapoanzia, wale wanaotambaa kwenye lenzi kama nywele. Nimeliacha limefungwa sebuleni kwa masaa matatu hivi, likazoea joto, ndo nikatoa kila kitu nikakifuta nikakiweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vipakiti vya silika jeli.

Viatu vyangu Mangi anavyo bado. Dogo anataka picha zote leo leo aweke stetasi, nimempa tatu za duma na moja ya yule mtoto ameanguka mdomo mbele, za Alhamisi za kreta bado nazichambua. Lenzi nimeipeleka Kariakoo kwa fundi akaizungusha sikioni, kriii, akasema niiache, nirudi Alhamisi.